Majina ya Kwenye Miksa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiamini kuwa barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako cha barazani, miguu umeinyoosha na gazeti umelifungua ukurasa wa michezo kana kwamba kurasa nyingine hazikuchapishwa. Mama hajambo? Magoti yake yanasemaje? Na kaka na wifi je, na yule mjukuu wako mtundu, bado anafungua redio atafute watu wanaoongea humo ndani? Mimi huku ni mzima wa afya, nakula vizuri, nalala vizuri, na kama si adabu mliyonifunza ningeianza barua hii kwa kelele badala ya salamu.

Basi salamu zimeisha, sasa kelele. Baba, nimeshika miksa! Mimi, kitindamimba wako, niliyekuwa naambiwa nisiguse waya nitaungua! Jumamosi iliyopita bendi nzima ilikuwa jukwaani, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, na mezani niko mimi peke yangu, hakuna mkubwa wa kunishika mkono. Mpaka leo nikikumbuka vidole vinaniwasha.

Najua utauliza miksa ni kitu gani, na mama atakujibu haraka kuwa ni mashine ya jikoni. Mwambie siyo. Hii ni meza pana kama meza yetu ya chakula, imejaa vitufe na taa. Kila sauti ya jukwaani, iwe ya mwimbaji, ya gitaa au ya ngoma, inakuja kwa waya wake na inapewa njia yake humo mezani. Njia hiyo tunaiita chaneli. Ina kishikizo cha kusukuma: ukikipandisha sauti inapanda, ukikishusha inashuka. Na juu ya kila kishikizo kuna kioo kidogo, hakizidi kiberiti. Hapo unachapa jina, unachagua rangi, na jina linawaka. Zamani walibandika utepe na kuandika kwa kalamu, na utepe ukishika jasho majina yanafutika katikati ya wimbo.

Usiyadharau majina hayo. Vishikizo viko safu nzima na vyote vinafanana kama mapacha. Maiki ikianza kupiga mluzi mbele ya watu, huna nafasi ya kuuliza yupi ni yupi. Jicho lisome na mkono uende. Ni kama ule ukuta wako wa gereji, ulivyochora umbo la kila spana mahali pake ili usihangaike kutafuta ukiwa umelala chini ya gari. Nilipomweleza mkubwa wangu wa kazi habari za ukuta wako alitikisa kichwa mara moja, na kwake yeye hiyo ni hotuba. Tunamwita Fundi Kimya. Mtu wa sauti anaitwa Kimya, ndiyo dunia.

Fundi Kimya alinipa sheria moja tu kuhusu majina, tena siku niliyoanza kazi: andika kinachopita kwenye waya, usiandike unavyomwona mtu. Nikaitikia ndiyo, fundi, kwa heshima zote, na kabla hajageuka nikawa nimeshasahau.

Ijumaa bendi ilikuja kujaribu vyombo. Siku hiyo hiyo Fundi akawa ameitwa ukumbi mwingine uliopata matatizo, na asingerudi mpaka Jumatatu. Aliniachia funguo, akaniambia bendi ni yangu, akaondoka. Hakunikumbusha kuwa muda wangu wa majaribio kazini unakwisha mwezi huu, wala kwamba meneja wa ukumbi angekaa safu ya mbele. Niliyakumbuka mwenyewe.

Bendi yenyewe ni ya watu wazima, wamepiga pamoja tangu mimi natambaa, wanajuana kama chanda na pete. Kiongozi wao ni mama mmoja mwimbaji, mwenye kilemba na sauti ya kutetemesha madirisha. Alinitajia majina ya wote kwa pumzi moja, na mimi kwa woga sikushika hata moja. Kuuliza tena nikaona haya. Nikawabatiza mwenyewe. Yeye hukohoa kabla ya kila wimbo, nisipoifunga maiki yake kikohozi kinasikika mpaka barabarani, basi nikaandika KIKOHOZI. Mpiga tarumbeta akawa MASHAVU, na ungemwona usingeuliza kwa nini. Wa dramu, BOMU. Wa kinanda, kila nikimwomba apige kidogo nipime sauti ananiambia nisubiri kwanza, naye akawa SUBIRI. Nilikuwa nacheka peke yangu pale mezani kama mwehu. Nani angeona? Miksa iko nyuma kabisa ya ukumbi na vioo vyake vinanitazama mimi.

Akabaki mpiga besi. Ni mzee wa makamo yako, mrefu, mpole, mwenye vidole virefu. Nilipopanda jukwaani kumpa vile vidude vidogo vya masikioni, ambavyo mwanamuziki hujisikilizia mwenyewe na wenzake wakati wa kupiga, alinivuta nyuma ya spika akaanza kuongea chini chini. Aliniomba nimletee sauti zote upande wa kushoto, kwa sababu sikio la kulia halisikii kitu, lilikufa kitambo. Akaniomba, kwa heshima ya wazazi wangu, yabaki kati yetu. Bendi ina safari mwezi ujao, ya miji mingi, na kiongozi hana mchezo na kazi. Ikijulikana tu kuwa mpiga besi ni nusu kiziwi, alisema, watamtafuta kijana, na yeye atarudi nyumbani kuhesabu nyufa za ukuta. Wakati anasema hayo alikuwa amenishika kiwiko mpaka kinauma. Nikamwapia kuwa sitamwambia mtu.

Na sikumwambia mtu, Baba! Hilo ndilo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha. Niliogopa tu nisije nikachanganyikiwa Jumamosi nikampelekea sauti upande mbovu. Nikarudi mezani, nikachapa kwenye chaneli yake SIKIO MOJA, nikaipaka rangi nyekundu ili nisiikose.

Kesho yake asubuhi walirudi kwa mazoezi ya mwisho, na mimi nilikuwa na zawadi yangu. Ukumbi umenunua mtambo mpya ambao ulikuwa haujatumika: kila mwanamuziki anaiunganisha simu yake na miksa, anajipangia mwenyewe anachotaka kusikia masikioni, ngoma kidogo, kinanda zaidi, bila kunipigia kelele kutoka jukwaani. Nilikuwa na hamu ya kuuonyesha kuliko mtoto mwenye viatu vipya. Nikawaunganisha mmoja mmoja, nikarudi mezani, nikasimama kungoja pongezi.

Wewe umeshaelewa, mimi nilikuwa bado. Kwenye simu zao zilitokea chaneli zote, na kila chaneli na jina lake, vile vile nilivyolichapa.

Aliyeanza ni mpiga dramu. Alipiga kelele kuwa ameitwa mengi maishani lakini BOMU atalichapisha kwenye kadi. Wa kinanda akauliza SUBIRI ndiyo nani, wenzake wakamjibu kwa pamoja kuwa asubiri atajua. Mashavu akajiangalia kwenye simu kama anayejiangalia kiooni, akayajaza hewa, akayapima kwa vidole, akasema kweli. Kiongozi alisoma lake, akaniangalia kwa mbali, ukumbi wote kati yetu, kisha akakohoa. Niliiomba ardhi ipasuke inimeze, haikunisikiliza.

Ndipo Mashavu, machozi ya kicheko yakiwa bado yanamtoka, akauliza: "Na huyu SIKIO MOJA ni nani?"

Kicheko kilikatika. Mzee wa besi alikuwa ameinamia simu yake, na nikaona alipolifikia. Alivua gitaa lake la besi taratibu, akaliegemeza kwenye kiti, akakaa. Hakuniangalia. Angenitukana ningepata nafuu. Nilitoka mezani mbio mpaka jukwaani, nikajikwaa kwenye waya, nikaanza kusema ni kosa la kuchapa, ni mtambo, ni jina la maiki ya mtu mwingine, uongo wa kila namna, na hata mimi mwenyewe sikuuamini.

Kiongozi alininyamazisha kwa kiganja. Akamwendea mzee, akasimama kushotoni kwake, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kuwa wanajua. Wote wanajua, tena tangu zamani. Akamuuliza anadhani kwa nini kinanda kilihama kutoka kulia, na kwa nini Mashavu, aliyesimama kulia tangu ujana wake, siku hizi anasimama kushoto, na kwa nini upande wa kulia wa mzee kumebaki nafasi ya kupitisha gari. Je, alidhani ni mapambo?

Baba, nikageuka nikaliangalia jukwaa. Kweli! Ijumaa niliona wamejibana upande mmoja kama kuku waliokimbia mvua, nikajisemea labda ndiyo sanaa.

Nilidhani mzee atafurahi. Aliwaka. Aliwauliza kama miaka yote hiyo walikuwa wanamwonea huruma tu, huku wakitafuta kijana wa kuchukua nafasi yake. Akasema wamemfanya mjinga: yeye anapinda shingo mpaka inakakamaa, anasoma midomo, anacheka utani ambao hakuusikia, na wao wanamtazama tu. Mpiga dramu, macho kwenye vijiti vyake, akasema walikuwa wanangoja aseme mwenyewe, na kadiri walivyongoja ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu kuanza. Kuhusu huyo kijana wa kuchukua nafasi yake, kiongozi akaangaza huku na huku akauliza yuko wapi. "Besi yetu ni wewe," akamwambia. "Ningekuwa nataka masikio ningechukua sungura."

Mzee hakutaka kucheka. Alijizuia, akakunja uso, akaangalia dari, na bado kicheko kikamshinda. Kisha akasimama, akamwelekezea mpiga dramu kidole, akamwambia na yeye ahame, maana pale nyuma kulia alipo anamsikia kwa nyayo tu tangu mwaka juzi. Tukahamisha dramu yote, Baba. Na mimi nilibeba, nilibeba kwa furaha, hata ngoma kubwa iliponigonga goti.

Kabla ya onyesho kiongozi aliniamuru nibadilishe majina mbele yao, kila mtu aseme lake. Bomu na Mashavu walikataa kubadilishiwa. Subiri akasema nimsubiri afikirie, mpaka leo bado anafikiria. Kiongozi akataka lake liondoke mara moja. Nilipoanza kulifuta akanizuia, akasema libaki, nisije nikasahau kuifunga maiki. Nikamgeukia mzee. Nikamuuliza niandike nini. Alinijibu kuwa yeye ni mpiga besi. Nikaandika BESI, nikaiondoa ile rangi nyekundu.

Na onyesho, Baba! Onyesho! Lilianza saa kumi alasiri. Wimbo wa kwanza nilikuwa naangalia vioo, wa pili nikaanza kuangalia watu, wa tatu nikajikuta nacheza huku mkono uko kwenye kishikizo. Mzee wa besi hakupinda shingo hata mara moja. Alikuwa ameangalia mbele, amefumba macho, na besi yake ilikuwa inapanda kutoka sakafuni mpaka kifuani. Watu wa kwenye ngazi walisimama, hata meneja akatikisa mguu, nimemwona kwa macho yangu mawili. Jumatatu Fundi Kimya alirudi, akasimama mbele ya miksa, akasoma chaneli moja moja. Alipofika kwenye KIKOHOZI akakohoa. Akarudia ile sheria yake, nikaitikia, na safari hii nimeisikia. Halafu akanipa funguo zangu mwenyewe. Kazi nimepata!

Sasa, Baba, hapa naomba uweke gazeti chini.

Baada ya onyesho nilimfuata mzee nikamwomba radhi, naye akaniambia neno ambalo limenikaa moyoni wiki nzima. Alisema kupiga besi hakujawahi kumchosha. Kilichomzeesha ni kazi ya kujifanya. Niliposikia hivyo nilijifungia stoo ya nyaya nikalia, na si kwa ajili yake.

Baba, na sisi tunajua. Naomba radhi kusema lililo kubwa kuliko umri wangu, lakini tunajua. Sikio lako la kushoto halisikii, na la kulia limeanza kukudanganya. Kwa nini mezani mama hukaa kulia kwako, na kaka akija huivuta stuli yake ile ile upande ule ule? Kwa nini wifi hakuiti mpaka azunguke aonekane? Hata mjukuu wako, hajui kuandika jina lake, lakini anajua babu huongeleshwa upande gani. Na gereji hukuifunga kwa sababu ya mgongo. Mgongo gani huo, unaobeba mifuko ya saruji ya jirani lakini haubebi spana? Uliifunga wiki ile gari la mwalimu liliporudi na mlio ule ule wa injini uliodhani umeuondoa, wewe uliyekuwa unasikia ugonjwa wa gari likiwa bado kwenye kona. Tulikaa kimya tukidhani kimya ni heshima. Kumbe tulikuwa tunakuacha ufanye ile kazi ya kujifanya, siku nzima, mbele yetu, peke yako.

Ndiyo maana nimeandika barua badala ya kupiga simu. Nikipiga, unasema "haya, zungumza na mama yako" kabla sijamaliza shikamoo, na mimi kila mara nakubali kuzungumza na mama.

Ukitaka kukasirika, kasirika, Baba. Mzee wa besi alikasirika sana, na Jumanne akaenda kwa daktari wa masikio kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilimsindikiza. Lile la kulia halitarudi, daktari alisema wazi. La kushoto amelisafisha, na mzee anasema hakujua kuwa ngazi za nyumba yake zinalia. Huyo daktari nimekuombea nafasi Jumatatu ya wiki mbili zijazo. Pengine la kwako ni dawa tu, pengine ni kifaa kidogo cha kuvaa, pengine hakuna la kufanya. Twende tujue.

Na subiri, kuna jingine, nimeliweka mwisho maana ningeanza nalo nisingeweza kuandika mengine. Tuna maiki moja ndogo isiyoshika sauti ya hewani; inabandikwa kwenye chuma na kushika mtikisiko wake. Alhamisi nilimwomba Fundi Kimya tukaibandike kwenye jenereta la ukumbi. Nikavaa hedifoni. Baba, niliingia ndani ya injini! Nilisikia valvu moja inagonga, tik, tik, tik, kitu ambacho kwa masikio matupu hakisikiki kabisa, na kila ikigonga taa ya kwenye miksa inaruka, kwa hiyo hata macho yanasikia. Tukamwita fundi wa jenereta, akafungua, akaikuta imelegea pale pale. Sauti yote naweza kuielekeza sikio moja, nikaiongeza utakavyo. Iko miksa ndogo ya kubeba kwa mkono mmoja, Fundi Kimya ameniruhusu kuiazima. Mimi naweza kuusikia mlio, lakini sijui unasema nini. Wewe unajua. Kwa hiyo gereji isikodishwe kwa muuza magodoro, nimesikia habari hizo kwa kaka, na nasema hapana.

Njoo na mama siku mbili kabla ya daktari, Jumamosi, bendi inapiga tena kabla ya kusafiri. Nimewawekea viti upande wa kushoto wa ukumbi, ili jukwaa liwe kulia kwako. Mzee wa besi anataka kukuona. Nilimwambia una kiburi kuliko yeye, akasema hilo lazima alione kwanza.

Nisalimie wote waliopo nyumbani. Mwambie mama alete kile kitambaa changu cha kijani, na kaka mpe pole ya kazi. Mjukuu umbusu, na umwambie kuwa nimewapata wale watu wa kwenye redio na wengine nawafahamu kwa majina.

Jumapili asubuhi nitapiga simu. Ukiisikia ikilia, ipokee wewe, uiweke sikio la kulia, na usimpe mama. Neno likikupita, sema limekupita. Nitalirudia, Baba, hata mara kumi, kwa sauti ya kuwaamsha majirani, na wakiuliza kuna nini, waambie unaongea na binti yako.

Wako akupendaye,
kitindamimba, fundi wa sauti